Moto wa Alhamisi

Jumapili, 3 Juni 1951. Kambi ya Ibambula.

Daftari hili nimelinunua jana dukani Geita, la mistari, lenye jalada gumu. Ofisi ya vitabu ya serikali imeniandikia kwamba maisha yangu ya vita yanafaa kuchapwa, ila kitabu hakina mwisho. Wanataka sura moja ya amani: askari aliyerudi akajenga nchi. Basi kiangazi chote nitaandika humu, ili mwishoni niwe na sura hiyo.

Mwanzo wa kila ripoti ni jina. Mimi ni Donatus Jilala, mzaliwa wa Shinyanga, lakini mama yangu alikuwa Msumbwa wa huku magharibi. Niliingia Keya, jeshi la Waingereza, mwaka 1940 nikiwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Nikatoka 1946 nikiwa Sajini Meja, na nishani tatu, na mguu wa kushoto unaotabiri mvua. Nimepita Habeshi, Bukini na Burma. Niliporudi serikali ilinifundisha kazi ya mbung'o pale Shinyanga, na sasa ni mimi ninayesimamia ufyekaji wa pori hili, ili wanaohamia huku na ng'ombe wao wasimalizwe na nzi hao. Watu huniita Jenerali. Hakuna Mwafrika aliyepewa cheo hicho na mimi sikukiomba, lakini sijawahi kumsahihisha mtu.

(Pembeni, kwa wino mwingine: Nimeusoma ukurasa huu tena mwezi wa Novemba. Nilitaka kuuchana. Nimeuacha ubaki kama ulivyo.)

Jumamosi, 9 Juni

Wafyekaji mia nne wamefika. Firimbi saa kumi na mbili kamili. Waliochelewa walikimbia kuzunguka kambi mara tatu, wazee kwa vijana.

Alhamisi, 14 Juni

Mageni, kinara wa vijana wa kazi, ametunga wimbo. Huimba mstari mmoja, mashoka mia mbili yakaitikia. Unasema hivi: Jenerali alimpiga Mjapani, leo anapigana na nzi, na nzi bado anauma. Nilimwita nimkemee. Akasimama kikakamavu kabisa, akasema, "Afande, nikiutoa wimbo, shoka zitalala. Nichague lipi?"

Nikamwacha. Kweli wanafyeka haraka wanaponicheka. Mke wangu Generosa naye ameshaujua; nimemsikia akiuimba akitwanga.

Jumapili, 24 Juni

Nimeandika sura ya Burma, tulivyovuka mto. Nimeandika kwamba huko nilijifunza jambo moja tu: amri haijibizwi. Mtu akiamriwa kuvuka, anavuka. Ni sentensi nzuri. Nimeisoma kwa sauti mara mbili.

Jumapili, 15 Julai

Leo nimepata jamaa. Baada ya misa kwenye kibanda cha katekista alinijia mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya nyuki, akasema, "Shikamoo, mpwa wetu." Nikamwambia shikamoo na mpwa haviendi pamoja. Akacheka sana. Anaitwa Thobias, mrina asali, Msumbwa wa upande wa mama yangu. Alikuwa amemuuliza Generosa habari za ukoo wetu mpaka akaupata mzizi. Asali yake huuza mgodini Geita, nta huwapelekea wenye maduka.

Nilikwenda kwake nikala asali na viazi. Mkewe Paskalia si mwingi wa maneno. Wana mabinti wawili, Zipora na Limi. Baba yake Thobias, Mzee Bartholomeo, anakaa ua wa jirani, na alinitazama kofia kabla ya kunitazama uso.

Nilimuuliza Paskalia kama bado wanafuata desturi ya jiko. Akajibu, "Kwani asali imebadilika?" Basi niiandike hapa, maana vijana wa Shinyanga hawaijui. Kwa warina asali wa ukoo wetu, mume akiingia porini mke huzima jiko, hukusanya majivu katikati ya mafiga, na kuyafunikia chungu kilichopinduliwa. Hapiki. Hampi mtu moto. Akiulizwa mume yuko wapi husema "hayupo" tu, wala haongezi, maana nyuki wanasikia, na moshi wa nyumbani huwachafua nyuki wa porini. Mama yangu aliishi hivyo kila baba yake au kaka zake walipokwenda, na hata alipoolewa Usukumani, baba yangu alipojaribu kurina. Nakumbuka viporo vya kwa shangazi. Nakumbuka pia alivyoniambia: mume akirudi, yeye mwenyewe ndiye huwasha jiko; akifia huko, mke huenda kuomba moto kwa yule aliyeleta habari ya kweli, na si kwa mwingine yeyote.

Mama alikufa mwaka 1944, nikiwa Burma. Habari nilizipata baada ya miezi saba. Leo, kwenye ua wa watu wengine, ndipo nimemlilia.

Ijumaa, 20 Julai

Kichochoro cha tatu tulichokuwa tukifyeka kimekwisha. Upepo wa mashariki.

Jumatano, 1 Agosti

Upepo. Miti iliyokatwa imekauka mpaka inalia ukiikanyaga.

Jumamosi, 11 Agosti

Upepo. Mageni ameongeza ubeti kuhusu mguu wangu.

Jumatatu, 10 Septemba

Leo ngoma imepigwa, na mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji, na watu wote nimetangaza: pori lililofyekwa litachomwa Jumamosi, tarehe 22, asubuhi. Mwenye chochote humo akitoe.

Thobias alinyanyua mkono. "Mpwa wetu, mimi nina mizinga kumi na mmoja kule kwenye miti mliyoiacha bondeni. Kuishusha si kazi ya siku moja. Nyuki hawataki haraka."

"Una mpaka Ijumaa jioni," nikamwambia. "Jumamosi nawasha."

"Neno la Jenerali?"

"Neno la Jenerali."

Tukapeana mkono. Ninayaandika haya kwa sababu nilifurahi, na kwa sababu watu waliona.

Jumatatu, 17 Septemba

Barua kutoka kwa Bwana Shauri wa wilaya. Wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam, na mmoja ni mpiga picha wa serikali. Watapita Ibambula Alhamisi tarehe 20, kisha waendelee Biharamulo. Anauliza tu kama kuna kitu cha kuwaonyesha.

Nimemjibu kwa mpanda baiskeli yule yule, kabla hajamaliza maji yake: Ndiyo, moto.

Jumatano, 19 Septemba

Ngoma imepigwa tena asubuhi kutangaza kwamba siku ni kesho. Mageni alikuja. Leo hakusimama kikakamavu. "Jenerali, tulisema Jumamosi. Kuna watu hawako karibu na ngoma." Nikamwambia nitakagua nyumba zote mwenyewe, arobaini na tatu, ili asiwepo wa kulaumu.

Nimekagua. Kila nyumba nimeuliza: yupo nani, hayupo nani, na yuko wapi. Wote wapo au wana sababu. Kwa Thobias: mke yupo, mume hayupo. Jiko baridi. Huenda amekwenda Geita na nta. Saa kumi kazi imekwisha.

Upepo ni mzuri sana.

Alhamisi, 20 Septemba

Siku kubwa. Tuliwasha saa nne kutoka mashariki, watu mia nne wakiwa na vienge kwenye mstari ulionyooka maili mbili, kwa firimbi moja. Sijaona kitu kama hicho tangu vita. Mpiga picha alinipiga mara sita, mbele ya moto, na nishani zangu. Bwana Shauri alinishika mkono akasema hii ndiyo sura yako ya mwisho, Donatus. Alijua habari za kitabu! Wageni walikunywa chai kwa Generosa, wakaondoka saa nane.

Moshi umefunika vijiji vyote mpaka sasa. Macho yanawasha.

Jumamosi, 22 Septemba

Mageni amemkuta.

Jumapili, 23 Septemba

Nitaandika kama ilivyo, maana ripoti nimeandika vingine.

Jana asubuhi majivu yalipopoa Mageni aliingia bondeni na vijana sita. Walimkuta Thobias chini ya mti, kamba bado kiunoni. Alikuwa ameshusha mizinga tisa na kuipanga safu moja kwenye uwazi aliousafisha mwenyewe, akaifunika majani mabichi isiumie. Imebaki miwili mtini. Angemaliza Ijumaa jioni, kama tulivyopatana.

Mageni alinieleza haya bila kunitazama. Nilimuuliza kama wamemfunika. Akasema, "Tumemfunika. Sisi."

Katika ripoti ya Bwana Shauri nimeandika: Marehemu aliingia eneo la kazi baada ya onyo kutolewa. Nyumba zote zilikaguliwa. Kila neno ni kweli. Nimejua tangu jeshini namna ya kuyapanga maneno ya kweli yasiseme kitu.

Lakini hapa hakuna afisa wa kusoma. Jumatano nilipofika kwa Paskalia alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Nikauliza: "Baba Zipora yuko wapi?" Akasema, "Hayupo." Nikaingia ndani kama nilivyoingia kwa wote. Katikati ya mafiga majivu yalikuwa yamekusanywa, na juu yake chungu kimepinduliwa. Nilisimama pale. Nilisikia harufu ya nyumba ya mama yangu. Nilijua Thobias yuko porini, nilijua yuko bondeni, nilijua kwa nini mke wake hawezi kuniambia. Nikajisemea kwamba mrina asali ana masikio, ataisikia ngoma, atatoka. Kisha nikaandika "jiko baridi", nikafikiria picha.

Hakuna aliyeniamuru. Burma ningeweza kusema niliamriwa. Hapa niliomba mwenyewe.

Jumatatu, 24 Septemba

Mazishi. Mageni hakuimba. Mashoka hayakulia.

Jumapili, 30 Septemba

Generosa anasema maneno yameanza kisimani. Wanauliza: mrina asali aliyekua na moto mkononi tangu utoto, moto utamkutaje? Atakuwa alishikwa na nyuki. Na nyuki humshika mtu ambaye nyumbani kwake jiko limewashwa. "Wanamsema Mama Zipora," akasema. "Wanasema alipika. Wengine wanasema alimpikia mtu."

Nikamwambia maneno ya kisimani hayana miguu.

"Yana miguu minne," akasema, "yanakimbia kuliko baiskeli yako."

Jumamosi, 6 Oktoba

Leo nimekaa baraza kwa Mzee Bartholomeo. Mwanangwa aliniomba niandike maneno ya wazee, kwa kuwa mwandiko wangu unasifiwa. Nilikuja na kalamu mbili.

Mzee Bartholomeo hakupaza sauti. Alisema amezika watoto watatu, na huyu alikuwa wa mwisho. Alisema, "Simchukii mke wa mwanangu. Nataka kujua tu. Shahidi yupo aliyeuona moshi ukitoka kwake siku ile."

Shahidi alisimama, mama wa jirani. Ndiyo, Alhamisi aliuona moshi juu ya nyumba ya Paskalia. Alhamisi! Siku ambayo moshi ulikuwa juu ya kila nyumba mpaka Buseresere. Nilitaka kucheka, na nikaona hakuna mwingine aliyetaka. Mtu aliyefiwa huamini alichokiona.

Paskalia alisimama akasema, "Sikuwasha. Chungu kilikuwa kimefunikwa tangu Jumatatu. Mimi na watoto tulikula viporo kwa jirani." Akakaa.

Ndipo mzee akanigeukia. "Wewe uliingia nyumbani kwake Jumatano. Hakuna mwingine aliyeingia. Na wewe si mgeni wa mambo haya, wewe ni mpwa wetu. Tuambie, jiko ulilionaje?"

Sentensi moja ilitosha. Lilikuwa limefunikwa, baba. Maneno matatu, na mwanamke yule anarudi kwake na watoto wake. Lakini nikisema nililiona limefunikwa, swali linalofuata analo kila mtu kinywani: kama uliliona, na wewe ni mpwa wetu, mbona uliwasha?

Nilisema, "Sikutazama jiko, baba. Nilikuwa nahesabu watu."

Paskalia aliniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu aliyepotewa na kitu akidhani labda amekiacha hapa.

Wazee wakaamua: arudi kwa kaka yake Buseresere, watoto wabaki kwa babu yao. Niliyaandika yote. Zipora alimshika mama yake kitenge, wakamfungua kidole kimoja kimoja, na hilo sikuliandika. Mwandiko wangu leo ni mzuri kuliko siku zote. Nauchukia.

Jumapili, 14 Oktoba

Sikwenda misa.

Alhamisi, 18 Oktoba

Barua kutoka ofisi ya vitabu. Picha imewafika. Wanasema ni ya kupendeza, wanaitaka kwenye jalada. Wanaomba sura ya mwisho kabla ya Krismasi.

Nimekaa nayo siku nzima. Nimeandika "Baada ya vita" juu ya karatasi. Hapo ndipo nilipofika.

Jumatano, 24 Oktoba

Upepo umekata. Joto. Mguu kimya.

Jumapili, 28 Oktoba

Generosa aliweka chakula akakaa mbele yangu, jambo asilolifanya.

"Baba Selestine, mimi sijui kusoma. Lakini naujua ukurasa unaoufunika kwa mkono nikipita."

Nikamwambia ni mambo ya kazi.

"Ya kazi huyafuniki. Ya kazi huniita nikusikilize, hata nikiwa na maziwa jikoni." Akasogeza sahani mbele yangu. "Jana nilikwenda kwa Mzee Bartholomeo kumpelekea mahindi. Yule mdogo, Limi, kakaa mlangoni kwa mama yake. Nyumba imefungwa, yeye anakaa mlangoni. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema analinda chungu, kisifunuliwe."

Nikamsomea. Nilianza ukurasa wa 19 Septemba nikamaliza wa baraza. Aliinuka akaondoa sahani yangu ikiwa haijaguswa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sita nikiwa vitani, na sijawahi kuona mgongo wake umekataa hivyo.

Jumapili, 4 Novemba. Buseresere.

Nimekuja kwa baiskeli tangu alfajiri. Nimevaa shati la kawaida. Koti la kaki na nishani nimeziacha kambini. Naandika haya chini ya paa la duka lililofungwa kwa sababu ya Jumapili, kabla ya kurudi.

Nilimkuta Paskalia shambani kwa kaka yake, akilima mahali patakapopandwa muhogo. Aliponiona hakuacha jembe.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, Mama Zipora." Nikatafuta maneno niliyoyapanga njiani. Hayakuwepo. "Nimekuja kukuambia jambo. Siku ile, jiko lako..."

"Ulilitazama."

Nikaushika usukani wa baiskeli.

"Ulisimama pale ndani. Nilikuwa mlangoni, nilikuona. Ulivua kofia." Sikukumbuka kama nilivua kofia. "Mtu havui kofia kwa majivu. Nikajua umeelewa."

"Mbona hukunipigia kelele? Mbona hukusema?"

Hapo akasimamisha jembe. "Niseme nini? Nilikuwa nataka kusema. Mwanamke anaweza kuvunja mwiko kwa ajili ya mume wake, unafikiri mimi ni jiwe? Ngoma ilipolia asubuhi nilishafungua kinywa nimwite baba mkwe. Kisha nikakuona unakuja, nyumba kwa nyumba. Nikasema, huyu atatazama. Ukatazama. Nikasema moyoni: mama yake alifunika chungu kama mimi. Huyu ni wetu. Hatawasha." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ndiyo maana nikanyamaza. Nilikaa pale nikiwa nimetulia, mpaka nikausikia moto."

Nililia mbele yake. Sijali nani atasoma. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiriwa mtoto.

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Nikasema nitamwandikia kaka yake barua, nitamwandikia mwanangwa, nitaandika popote.

"Wewe unaandika sana," akasema. "Barua wataisoma wawili, wengine wataambiwa. Nenda kasome mbele ya watu wote. Usome kwa sauti ile unayowaamshia kwa firimbi. Mabinti zangu wasikie kwamba sikupika."

Jumamosi, 10 Novemba

Nimesoma.

Nilimwomba mwanangwa apige ngoma, watu wote waje, na wafyekaji pia. Nilimtuma Mageni kumleta Paskalia kwa baiskeli. Alikwenda kabla sijamaliza kumweleza kwa nini. Nilisimama, sikukaa kwenye kiti. Nikafungua daftari hili, nikasoma ukurasa wa 10 Septemba, neno la Jenerali. Nikasoma wa 17, nilivyojibu kabla mtu hajamaliza maji. Nikasoma wa 19. Nikasoma wa 23, wote. Nikasoma niliyoyasema barazani, nikasema: huu ulikuwa uongo. Nililiona jiko. Chungu kilikuwa kimepinduliwa juu ya majivu. Moshi ulioonekana ulikuwa wangu.

Sauti haikuwa ya paredi. Ilikatika mara mbili. Watu wa nyuma walisema "sauti!" nikarudia.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mzee Bartholomeo aliniambia, "Soma tena pale pa jiko." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu. Alikuwa amefumba macho. Kisha akamwita Paskalia, akamshika mikono miwili mbele ya watu, akamwambia, "Mwanangu, tumekukosea. Nyumba ni yako na watoto ni wako." Zipora na Limi walikuwa wameshafika kabla hajamaliza.

Mimi aliniangalia mwisho. "Wewe," akasema, "tulikuita mpwa wetu."

Basi. Akaondoka.

Jumatatu, 12 Novemba

Ripoti ya pili nimeipeleka kwa Bwana Shauri, fupi, isiyopangwa vizuri. Ofisi ya vitabu nimewaandikia kwamba sura ya mwisho sina, na picha ile naomba isitumike. Wakitaka Burma peke yake, wachape Burma. Wakiikataa, ni haki yao.

Mageni alikuja kuaga. Wafyekaji wanarudi kwao kulima. Nilimuuliza kama wimbo wangu una ubeti mpya. Akasema, "Hauimbwi tena, afande." Sikudhani ningeukumbuka.

Jumanne, 20 Novemba

Bwana Shauri amenijibu. Nirudi Shinyanga mwisho wa mwezi, nikasubiri uamuzi. Anayekuja badala yangu ni kijana. Nitamwachia ramani, firimbi, na orodha ya nyumba za warina asali, ambao wake zao huwa hawajibu swali.

Generosa anafunga vyombo. Tunazungumza, lakini kama watu waliokutana kituo cha basi.

Ijumaa, 23 Novemba

Mguu unauma. Mawingu upande wa ziwa.

Jumamosi, 24 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi. Harufu ya udongo na ya majivu pamoja. Bondeni, Generosa ananiambia, nyasi zimeanza kutoka. Mbung'o hawapo kabisa. Kazi ilifanikiwa. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu halinisaidii kitu.

Saa nne nilikuwa nafunga sanduku la vitabu nikasikia hodi. Alikuwa Paskalia, ameshika kigae cha chungu. Kitenge kimelowa mabegani. Tangu arudi hajapika; yeye na watoto wamekula kwa Mzee Bartholomeo. Nilijua hilo, na nilidhani ni huzuni tu.

"Karibu ndani," nikasema.

"Siingii." Akanyoosha kigae. "Nimekuja kuomba moto."

Nikayakumbuka maneno ya mama, juu ya aliyeleta habari ya kweli. Generosa aliniangalia, hakuinuka. Ilibidi niende mwenyewe. Nilipiga magoti jikoni, nikachagua makaa matatu yaliyoshika vizuri, nikayaweka kwenye kigae kwa mkono wangu, na sikujali yalivyoniunguza. Nikampa. Akayafunika kwa ungo aliokuja nao, mvua isiyazime.

"Wabeja," akanishukuru. Hakuniita mpwa, wala hakuniita Jenerali.

Nilisimama mlangoni, nikilowa, mpaka nilipouona moshi ukitoka kwake.